Mapumziko ya Siku Mbili na Ndege wa Uani Kwetu

  Maongezi yetu ya jioni hii si ya safari za mbali wala ya mambo makubwa ya dunia. Twataka kuwaeleza habari za siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, tulizokaa nyumbani kwetu pasipo kwenda popote. Labda mtu atauliza, "Mapumziko ya nyumbani yana jambo gani la kuhadithiwa?" Twamwomba mtu huyo astahimili kidogo, maana katika siku hizo mbili nusura tutende jambo la kutujutisha, na kosa tulilokuwa tukilitafuta juu ya mti tulilikuta chini, tena karibu na miguu yetu wenyewe.

Nyumba yetu iko pembeni mwa mji wa Tanga, mahali ambapo nyumba zimeanza kuachana na mashamba yameanza kuonekana. Uani tunao mwembe mkongwe wenye pango katika shina lake, minazi mitatu, mipapai, na kipande cha bustani chenye upana wa hatua 12 na urefu wa hatua 20. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa Machi. Masika hayajaingia bado, lakini mvua za kutangulia zilikwisha kunyesha mara mbili tatu, na ardhi ilikuwa laini, yakubali jembe.

Jumamosi alfajiri tuliamka sote, wakubwa kwa wadogo, tukagawana kazi. Wengine walipiga matuta, wengine walichota samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na watoto walipewa kazi ya kuokota mawe na mizizi. Mbegu za mchicha ni ndogo mno; mtu akizitupa kwa mkono mtupu huanguka chungu nzima mahali pamoja, zikasongana. Basi sisi huzichanganya na mchanga mkavu, kisha huzinyunyiza polepole katika mistari, nazo huota kwa nafasi. Bamia tulikuwa tumeziloweka usiku kucha ili ganda lake lilainike, tukatia mbegu mbili mbili katika kila shimo. Mwisho tulitandaza nyasi kavu juu ya matuta, ili jua lisinyonye maji yote na matone ya mvua yasiuvuruge udongo.

Jua lilipoanza kuwa kali tuliketi chini ya mwembe kunywa uji, na hapo ndipo tulipoanza kuwatazama wafanyakazi wengine wa bustani yetu, ambao hatujapata kuwalipa hata senti moja. Juu ya minazi walikuwako minana, wale ndege wa manjano wasuka viota. Zamani tuliwachukia kwa sababu huchana majani ya minazi. Siku ile tulimtazama mmoja tangu mwanzo wa kazi yake. Alichana uzi mrefu wa jani, akaufunga kwenye kijiti kwa mdomo na miguu, akaongeza wa pili na wa tatu, hata akapata duara kama pete. Kisha akasimama ndani ya pete ile akaendelea kusuka mbele yake na nyuma yake. Mwenye kusuka ni dume. Jike huja baadaye kukagua, naye asiporidhika huenda zake, na dume hukibomoa kiota kilichokauka akaanza kingine upya. Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Watoto wetu waliicheka subira ya ndege yule, lakini twadhani baadhi yao walipata somo.

Katika maua ya mipapai na ya migomba alikuja chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Yeye hunywa asali ya maua, na anapofanya hivyo hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Tena hula buibui na wadudu wadogo. Ndani ya kichaka cha ua wetu dudumizi alikuwa akilia, sauti yake kama maji yanayomiminwa kutoka katika mtungi wenye shingo nyembamba. Watu husema akilia dudumizi mvua i karibu. Sisi twajua neno moja zaidi juu yake, kwamba hula panzi na konokono, nao ni adui wakubwa wa mchicha. Na juu ya waya za umeme mbayuwayu walikuwa wamejipanga kwa mamia, wakijitayarisha kwa safari yao, maana mwezi wa Machi na wa Aprili huondoka kwetu kwenda Ulaya kuzaa, na mwisho wa mwaka hurudi.

Hata ilipokaribia saa sita mchana akaja jirani yetu, mzee mwenye kuheshimiwa na mtaa mzima, nasi humwita Babu. Tukainuka.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wanangu. Kazi njema. Lakini mimi sikuja kwa heri sana."

Tukampa kiti. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu yu kitandani siku ya tatu leo. Homa humpanda jioni, asubuhi humwachilia. Na kila usiku bundi hulia katika mwembe wenu huu. Ninyi ni watu mliosoma, labda mtanicheka. Lakini kwetu bundi ni ndege wa uchuro, na mimi sikupata kusikia akilia bure. Naomba mumfukuze."

Wasikilizaji, hatukumcheka. Mtu aliye na mgonjwa nyumbani hachekwi. Tena ujirani wetu na mzee yule ni wa miaka mingi, na siku tulipofiwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Tukamjibu, "Babu, la bundi tumelisikia, nasi leo hii tutapanda tuzibe pango. Lakini twakuomba nawe utukubalie jambo moja. Mtoto asingoje jioni. Apelekwe zahanati sasa hivi." Babu akasita, kisha akakubali. Mmoja wetu akaenda pamoja na mama wa mtoto, na sisi tuliobaki tukaleta ngazi, tukakanda udongo wa kuzibia pango.

Hapa ndipo tunapoona haya kusimulia. Tulikwisha kuahidi kabla ya kutazama. Mkubwa wa vijana wetu alipanda akiwa na udongo mkononi, na alipolifikia pango akatulia, wala hakutupa jibu. Tulipomwita mara ya pili akasema kwa sauti ndogo, "Wamo watoto." Tukapanda kwa zamu kutazama. Walikuwamo makinda wanne, wamefunikwa na manyoya meupe kama pamba, kila mmoja na kimo chake, mkubwa akimzidi mdogo karibu mara mbili. Hivyo ndivyo walivyo bundi wa namna ile, maana jike huanza kulalia tangu yai la kwanza, kwa hiyo makinda hawaanguliwi siku moja. Walitukazia macho yao meusi, wakafoka kama sufuria inayochemka. Kama tungeziba pango lile, wote wanne wangalikufa kwa njaa gizani, na sisi tungalikwenda kula chakula cha mchana tukidhani tumetenda wema.

Tukashuka, tukauweka udongo kando. Tukashauriana: ahadi tuliyompa mzee ni deni, lakini uhai nao si mchezo. Tukaazimia kungoja hata usiku mmoja upite, tukimtazama bundi tangu jua lichwe, ili kesho tumweleze Babu tulichokiona kwa macho yetu, si tulichosikia kwa watu.

Saa kumi alasiri waliokwenda zahanati walirudi. Mganga alimchoma mtoto kidole, akapima damu, akaona vijidudu vya malaria. Mtoto alipewa dawa mseto ya siku 3, na mama yake aliagizwa sana kwamba dawa imalizwe yote hata kama homa itapoa siku ya kwanza. Basi sababu ya homa ilijulikana: mtoto aliumwa na mbu. Lakini mbu yule alitoka wapi? Swali hilo lilitulaza macho.

Jua lilipokuchwa tuliketi kimya barazani bila taa. Haikupita nusu saa, bundi wa kwanza akatoka pangoni. Uso wake ni mweupe, mfano wa moyo, na kifua chake kama maziwa yaliyotiwa vitone. Alipita juu ya vichwa vyetu wala hatukusikia hata mvumo wa bawa, kwa kuwa kingo za manyoya yake ni laini mno. Masikio yake hayalingani, moja liko juu kidogo kuliko lingine, na kwa hila hiyo huweza kujua panya yuko wapi gizani kwa kusikia mchakacho tu. Akaenda moja kwa moja hata juu ya banda la mahindi la Babu, akatua ukingoni, akainamisha kichwa. Ghafula akajiangusha. Aliporudi alikuwa na panya miguuni. Kutoka machweo hata saa nne usiku tulihesabu: bundi dume na jike walirudi pangoni mara 9, na zile tulizoweza kuziona vizuri zote zilikuwa za panya. Ile sauti iliyomtisha Babu, sauti ya kukwaruza kama kitambaa kigumu kinachopasuliwa, ilikuwa ya wazazi wakiitana na ya watoto wakidai chakula.

Jumapili asubuhi tulitafuta chini ya mwembe. Bundi humeza panya mzima, kisha manyoya na mifupa isiyosagika huyatapika kama tonge jeusi, kubwa kama kidole gumba. Tuliokota matonge 6 kwa kijiti, tukayaloweka katika maji ndani ya kopo la kutupwa, tukayachambua polepole. Nanyi wanafunzi mkitaka kufanya hivyo, msiyashike kwa mikono mitupu, na mkimaliza naweni kwa sabuni. Ndani ya matonge yale 6 tulipata mafuvu 17: 15 ya panya na 2 ya virukanjia. Hapakuwa na fuvu la kifaranga hata moja.

Tukamwita Babu, tukamwandalia chai, tukamweleza yote, hata habari ya kupanda na udongo mkononi. Kisha tukampangia mafuvu 17 juu ya jani la mgomba. Babu aliyatazama muda mrefu, akauliza, "Haya yametoka bandani kwangu?"

"Hatuwezi kuapa kwamba yote, Babu. Lakini jana usiku tulimwona kwa macho yetu akitua juu ya banda lako."

Akasema, "Na mimi kila mwaka nalia na panya. Juzi nimenunua sumu." Tukamsihi asiitumie, maana bundi akimla panya aliyekula sumu hudhurika naye, na makinda vilevile. Tukamkumbusha na neno ambalo wazee wa mkoa wetu hawajalisahau: kule Lushoto ugonjwa wa tauni ulizuka mwaka 1980, ukarudi mwaka baada ya mwaka kwa muda mrefu, nao huchukuliwa na viroboto wa panya. Panya jike wa shambani aweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Basi mwenye kumla panya hapunguzi mmoja tu, apunguza na uzao wake. Nchi nyingine zimekwisha kulitambua jambo hili. Israeli wakulima walianza mwaka 1983 kuwatengenezea bundi masanduku ya kuzalia katika mashamba, na mwaka 2002 wakulima wa Jordan, nchi jirani, wakaingia katika kazi hiyo. Na Malaysia hufanya hivyo katika mashamba ya michikichi.

Babu akatabasamu mara ya kwanza tangu jana. Akasema, "Basi kumbe ndege mbaya ni yupi?" Kabla hatujajibu, kunguru mwenye shingo ya kijivu akatua uani, akanyakua kifaranga mbele yetu, akaruka nacho. Tukacheka kwa uchungu, kwa kuwa jibu lilikuja lenyewe. Kunguru wale si wa asili ya kwetu. Katika miaka ya 1890 waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi ili wale taka za mji, na watu wakawaona kuwa wageni wema. Wakazaana, wakaenea pwani ya bara. Mwaka 1947 walionekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, huiba vifaranga, na madhara yao yamezidi hata Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Basi tazameni ajabu hii: mmoja alipewa sifa njema kabla ya kuchunguzwa, akaleta hasara, na mwingine alipewa jina baya kabla ya kuchunguzwa, naye ndiye mlinzi wa ghala.

Hata hivyo swali la mbu lilikuwa lingali mbele yetu. Tulipomsindikiza Babu tulipita nyuma ya bustani, mahali tulipochimba udongo mwezi wa Desemba kwa kukandika banda la kuku. Tulikuwa tumeliacha shimo lile wazi, tukisema tutalifukia kesho, na kesho ile haikufika. Udongo wa pale ni mfinyanzi. Maji ya mvua hukaa. Mtoto wetu mdogo akainama, akasema, "Tazameni, maji yana vijidudu." Tukainama sote. Vilikuwa viluwiluwi vya mbu, si kumi wala ishirini. Viluwiluwi vya mbu wengi wa kawaida huning'inia kichwa chini, lakini hivi vilikuwa vimelala sambamba na uso wa maji, na hiyo ndiyo alama ya mbu wa malaria. Tangu yai hata mbu mwenye kuruka ni kama juma moja au mawili tu. Na kutoka shimo lile hata dirisha la mjukuu wa Babu hazikupata hatua 40.

Wasikilizaji, hatuwezi kusema kwa hakika mbu aliyemwuma mtoto yule alitoka katika shimo letu. Mbu hana jina wala kabila. Lakini tulisimama pale tukiwa tumeinamisha vichwa, maana jana tulikuwa tayari kuua makinda wanne juu ya mti, hali chini ya mti tulikuwa tukifuga ugonjwa kwa uvivu wetu. Tukamwambia Babu waziwazi, "Babu, kama uchuro upo katika uwanja huu, basi ni huu, nasi ndio tulioufanya. Tuwie radhi." Mzee akatushika mabega. Akasema, "Mwenye kuonyesha shimo lake mwenyewe amekwisha kulifukia nusu. Leteni jembe." Akavua kanzu, akabaki na shuka, akafanya kazi pamoja nasi hata adhuhuri. Tulilifukia shimo lote, tukashindilia udongo, na juu yake tukapanda mgomba. Kisha tulizunguka nyumba zote mbili tukikusanya vifuu vya nazi, makopo na vigae vilivyoshika maji.

Juma lililofuata mtoto alikuwa mzima, akiwakimbiza kuku wetu kama kawaida yake. Bundi waliendelea kulea, na baada ya majuma machache tuliwaona makinda wakijaribu mabawa katika matawi ya mwembe. Babu hutuuliza kila jioni, "Walinzi wangu wametoka?" Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi twaongeza, mwenyeji asimfukuze mgeni kabla ya kujua amekuja na nini.

Basi, mabwana na mabibi, mkipata siku mbili za mapumziko, msidhani zimepotea kwa kuwa hamkusafiri. Pigeni matuta, pandeni mboga, kisha ketini kivulini mtazame. Wapeni watoto daftari waandike majina ya ndege wa uani na chakula cha kila mmoja, badala ya kuwapa manati. Mgonjwa wa homa apelekwe zahanati siku ileile, wala asingojewe, na watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa. Na kabla hamjatafuta mwenye makosa juu ya mti, zungukeni kwanza nyuma ya nyumba zenu mkatazame kama hapana shimo lililoachwa wazi.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo jioni hii.